Bangi uani: Je, ni dawa kwa mtoto mwenye kifafa?

Wiki chache zilizopita nilikuwa Chole, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende wilayani Mafia. Maji yalikuwa yamekupwa na chombo kimekaa mbali, kwa hiyo sote tuliotaka kuvuka tukangoja kivulini. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili alinitazama kwa muda. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: “Mwanangu, si wewe daktari unayeandika gazetini?” Nikamwambia ndiye mimi.

Mjukuu wake ana miaka tisa na ana kifafa. Anatumia vidonge vya fenobabitoni, na akivimeza kila siku hukaa muda mrefu bila kuanguka. Tatizo ni zile siku vidonge vinapokwisha na kusi limeshika. Bahari ikichafuka, au nauli ikikosekana, siku mbili tatu hupita kabla hajapata vingine, na mtoto huanguka. Mwanawe bibi huyo anafanya kazi Dar es Salaam, na alimtumia video ya simu inayomwonyesha mtoto wa Ulaya akitetemeka, kisha akitiwa mafuta ya bangi mdomoni na kutulia.

“Nasikia huko kwa wenzetu mtu anaruhusiwa kupanda mwenyewe nyumbani,” alisema. “Hapa wakiruhusu, si nitapanda mche mmoja tu, pale uani penye mchaichai, nimchemshie mjukuu wangu?”

Chombo kilifika kabla sijamaliza kumjibu. Nilimwahidi kuandika, kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza. Wazazi wenye watoto wenye kifafa, wagonjwa wa saratani na wenye maumivu yasiyokwisha wanaona video kama ile kila siku. Wanastahili jibu lililo kamili.

Mambo matatu yanayofungwa kwenye kapu moja

Mjadala wa bangi unachanganya watu kwa sababu neno “kuhalalisha” linabeba mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni dawa iliyotengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za bangi, ikapimwa, ikasajiliwa na kuandikwa na daktari kama dawa nyingine yoyote. La pili ni kilimo cha biashara, ambapo kampuni yenye leseni inalima shamba lenye uzio na walinzi, kisha inauza mazao nje ya nchi. La tatu ni ruhusa ya mtu mzima kupanda miche michache nyumbani na kuitumia mwenyewe.

Mtu anaweza kuunga mkono moja na kukataa mengine. Lakini katika mabishano ya vijiweni na mitandaoni, ushahidi wa jambo la kwanza hutumiwa kutetea la tatu. Mtoto wa kwenye video alipewa dawa ya aina ya kwanza, na bibi wa Chole akaelewa kwamba ni aina ya tatu.

Wenzetu wamefika wapi

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kutumia bangi. Anayelima anaweza kufungwa miaka 30. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeteketeza mashamba katika maeneo kama Kisimiri Juu, wilayani Arumeru. Wabunge wamewahi kuhoji bungeni kwa nini nchi isiruhusu kilimo hicho kwa ajili ya dawa na fedha za kigeni, na Serikali imeendelea kusimamia katazo.

Majirani wamechukua njia tofauti. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi ikapitisha sheria yake 2020, na mwaka huo huo Rwanda ikatangaza mwongozo wa kulima kwa ajili ya kuuza nje. Uganda nayo ina kilimo cha leseni. Hizi zote zilianza na jambo la pili, yaani biashara. Mwananchi wa kawaida wa Kigali hakuruhusiwa kupanda mche uani.

Kenya mjadala ulipata sura ya mgonjwa. Mwaka 2018 Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alitaka kupeleka muswada wa kuondoa jinai kwenye matumizi ya bangi. Yeye mwenyewe alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana, na alifariki Julai 2019. Mwaka 2021 jumuiya ya Warastafari ilikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba waumini wake waruhusiwe kuitumia kwenye nyumba zao na sehemu zao za ibada. Mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais akiahidi bangi ingelipa madeni ya taifa, akapata chini ya asilimia moja ya kura.

Afrika Kusini ndiyo iliyokwenda hadi uani. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama yake ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia bangi faraghani kwa matumizi yake binafsi, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ilisainiwa Mei 2024. Kwingineko, Uruguay inaruhusu miche sita kwa nyumba, Canada minne katika majimbo mengi, na Ujerumani, tangu Aprili 2024, mitatu kwa mtu mzima. Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 na watu wakaanza kupanda majumbani. Miaka mitatu baadaye Serikali ikarudi nyuma na kutaka anayenunua maua ya bangi awe na cheti cha daktari.

Umoja wa Mataifa nao uligusa suala hili. Tarehe 2 Desemba 2020, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO), nchi wanachama wa tume ya dawa za kulevya zilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuiondoa bangi kwenye kundi la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari kabisa na zenye faida ndogo ya tiba. Wengi walitangaza kwamba bangi imehalalishwa duniani. Haikuwa hivyo. Ilibaki chini ya udhibiti wa Mkataba wa 1961, ila mlango wa utafiti na tiba ulifunguka zaidi.

Ukweli wa dawa ya kifafa

Sasa turudi kwa mjukuu. Bibi hakudanganywa kabisa, kwa sababu ndani ya bangi kweli kuna kemikali inayosaidia baadhi ya watoto wenye kifafa. Inaitwa kwa kifupi CBD, nayo hailevyi. Inayolevya ni nduguye, THC.

Mwaka 2017 matokeo ya utafiti uliohusisha watoto na vijana 120 wenye kifafa kigumu kiitwacho Dravet yalichapishwa. Hawa ni watoto wanaoanguka mara nyingi hata wakitumia dawa kadhaa. Nusu yao waliongezewa CBD iliyosafishwa na wengine wakapewa dawa isiyo na kitu. Waliopewa CBD, idadi ya kawaida ya kuanguka ilishuka kutoka takriban mara 12 kwa mwezi hadi takriban mara sita. Kwa kundi la pili haikubadilika sana. Mwaka 2018 Marekani ikaisajili dawa hiyo kwa jina la Epidiolex, kwa ajili ya Dravet na kifafa kingine kigumu kiitwacho Lennox-Gastaut.

Nataka msomaji aone mambo matatu katika habari hiyo njema. Kwanza, watoto hao hawakuacha dawa zao za kawaida. CBD iliongezwa juu yake. Pili, walioacha kuanguka kabisa walikuwa asilimia tano tu. Tatu, dawa ile ilikusudiwa aina chache za kifafa kigumu, ambazo si kifafa cha watoto wengi.

Watoto wengi wa kwetu hupata kifafa kutokana na shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa. Wengi wao dawa za kawaida zinawatosha. WHO inakadiria kwamba hadi watu 70 kati ya kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa mapema na kutibiwa ipasavyo, na kwamba dawa zake zinaweza kugharimu hata dola tano tu za Marekani kwa mwaka. Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilitajwa kuwa takriban dola 32,500 kwa mwaka.

Nchi yetu ina historia katika hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mahali ambapo ugonjwa huo ulikuwa mwingi na wagonjwa wakitengwa kwa hofu ya kuambukiza. Aliwapa fenobabitoni, dawa ile ile anayomeza mjukuu wa Chole leo. Wengi walipata nafuu, wakarudi mashambani na kukaa tena na wenzao. Kilichowasaidia kilikuwa kidonge cha bei nafuu kinachopatikana mwezi hadi mwezi.

Kwa nini mche hauwezi kuwa dozi

Tuseme sheria imebadilika na bibi amepanda mche wake. Je, atampa mjukuu kiasi gani?

Katika utafiti nilioutaja, watoto walifikishwa polepole hadi miligramu 20 za CBD kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 25 angehitaji miligramu 500 kila siku, zikigawanywa asubuhi na jioni. Mche wa uani hauna kipimo. Miche miwili kutoka mbegu za mfuko mmoja inaweza kutofautiana, na hata tawi la juu na la chini la mche mmoja hayalingani. Zaidi ya hapo, bangi inayolimwa kwa kuvutwa imechaguliwa vizazi na vizazi kwa ajili ya THC, na CBD yake huwa ndogo. Ili mtoto apate CBD ya kumsaidia kutoka mche wa namna hiyo, angelazimika kumeza THC nyingi mno.

Kuchemsha nako hakusaidii. Kemikali hizi haziyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo kikombe cha leo kinaweza kuwa karibu maji matupu. Akibadilisha njia ya kuandaa, cha kesho kinaweza kumlaza mtoto kutwa nzima. Mtoto anayetumia fenobabitoni tayari ana dawa ya kumtuliza mwilini. THC ikiongezeka juu yake, usingizi unaweza kuwa mzito kupita kiasi na pumzi ikapungua. Hata CBD safi ina mambo yake: ikikutana na dawa ya kifafa iitwayo valproeti inaweza kuliathiri ini, ndiyo maana wanaopewa hupimwa damu.

Ninachokihofia zaidi ni kingine. Mzazi akiamini chai ya uani ndiyo tiba, ataacha vidonge. Fenobabitoni ikikatizwa ghafla, mtoto anaweza kupata degedege linalofuatana bila kukoma, na hilo linaua. Kutoka Chole, mtoto wa hali hiyo lazima avushwe maji hadi Utende, kisha apakiwe gari hadi hospitali ya wilaya Kilindoni. Maji yakiwa yamekupwa usiku, kila dakika ni ndefu. Na akihitaji rufaa Muhimbili, mbele yake kuna bahari nyingine hadi Nyamisati, au ndege.

Wagonjwa wa saratani nao niwaambie. Dawa zilizotengenezwa kwa mfano wa THC zimesajiliwa Marekani tangu 1985 kwa ajili ya kichefuchefu kinachosababishwa na dawa za saratani, pale dawa nyingine zinaposhindwa. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini hakuna ushahidi kwamba bangi inaponya saratani kwa binadamu, na nimeona watu wakichelewa hospitali kwa miezi wakisubiri mafuta yafanye kazi.

Nyumba yenye watoto

Watetezi wa kilimo cha nyumbani husema mtu mzima aachwe na faragha yake. Hoja hiyo ina uzito, na majaji wa Afrika Kusini waliukubali. Lakini faragha ya mtu mmoja inategemea nyumba ilivyo. Nchini Ujerumani sheria inamtaka anayelima ahakikishe watoto hawaifikii bangi yake. Huko mtu anaweza kuwa na chumba chenye kitasa na kabati lenye kufuli.

Ua wa Chole unaufahamu. Watoto wa nyumba tatu wanacheza hapo hapo, kuku wanapita, jirani anaingia kuomba moto. Kinachoota uani kinajulikana na kijiji kizima kabla ya jua kuzama.

Niseme kweli: jani bichi peke yake halimlevyi mtoto sana, kwa sababu THC yake huamka kwa joto. Hatari inaanza bangi inapokaushwa, ikatiwa kwenye mafuta, keki au biskuti. Marekani, taarifa za watoto wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vyenye bangi zilizopokelewa na vituo vya sumu zilikuwa 207 mwaka 2017, zikafika 3,054 mwaka 2021. Karibu zote zilitokea majumbani. Mtoto anaona biskuti, hajui kuna nini ndani. Huyumba, hutapika, moyo hukimbia, huzama usingizini, na wachache hushindwa kupumua vizuri. Hapa kwetu pia mamlaka imekamata biskuti zilizochanganywa na bangi, kwa hiyo wazazi tusidhani ni mambo ya mbali.

Na vijana wetu

Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi kama miaka 25. Utafiti mmoja maarufu uliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini Sweden, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1987. Wale waliokuwa wamevuta bangi mara nyingi kufikia miaka 18 walipata ugonjwa wa akili wa skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta kabisa. Wengi wao hawakuugua, na wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na bangi yenyewe. Lakini ukiwa na ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili, au umeanza mdogo, au unatumia bangi yenye THC kali kama ile iitwayo skanka, hatari inapanda.

Mama mjamzito naye aepuke. Matumizi ya bangi wakati wa ujauzito yanahusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na mtoto wa uzito mdogo ndiye anayeanza maisha na hatari nyingi, kifafa kikiwamo.

Hoja ya upande wa pili

Wanaotaka sheria ilegezwe wana hoja ambazo sisi watu wa afya hatupaswi kuzipuuza. Wanasema pombe na sigara zinaua watu wengi zaidi na zinauzwa dukani. Ni kweli. Wanasema miaka 30 jela kwa mkulima maskini inaacha watoto bila mzazi, na hilo nalo ni jambo la afya: mtoto asiye na mlezi hatapelekwa kliniki. Wanasema katazo halijaimaliza bangi. Hilo kila mzazi analiona.

Mimi naongeza hoja ya nne, inayotoka kwenye chumba cha daktari. Kijana akianza kusikia sauti na kuwaona ndugu zake kama maadui, familia huficha kwamba anavuta. Wanaogopa polisi na wanaogopa aibu. Huzungushwa kwa waganga miezi mingi, na anapofika hospitali hali imeshaharibika. Mtoto akimeza biskuti ya bangi, mzazi humwambia nesi kwamba amekula embe bovu, na nesi anapoteza saa nzima akitafuta sumu nyingine. Woga huo una gharama, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Lakini kuupunguza woga hakuhitaji kupanda bangi uani. Tanzania yenyewe imeonyesha njia. Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, chini ya uangalizi, bure. Heroini haikuhalalishwa. Kilichobadilika ni kwamba mraibu alipata mlango wa hospitali wa kuingilia, na baadaye kliniki nyingine zikafunguliwa Mwananyamala, Temeke na mikoani. Adhabu ya mkulima na mtumiaji inaweza kujadiliwa na Bunge kwa nafasi yake, na mjadala huo ni halali. Mgonjwa asifanywe ngao ndani yake.

Udhibiti na dawa vinaweza kukaa pamoja

Watu husema dawa ikidhibitiwa haiwezi kumfikia maskini. Mjukuu wa Chole ni jibu. Fenobabitoni anayoimeza ni miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa kimataifa chini ya Mkataba wa 1971, na bado inafika kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Morfini inatokana na afyuni, mmea uliopigwa marufuku kama bangi. Hata hivyo mgonjwa wa saratani hupewa morfini ya kunywa iliyopimwa kwa mililita, na Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa mstari wa mbele katika kuitumia. Hakuna aliyelazimika kupanda afyuni nyuma ya jiko ili mama yake apate nafuu.

Kama dawa ya CBD inafaa kwa watoto wachache wenye kifafa kigumu, njia hiyo ndiyo inayowafaa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo inayopima na kusajili dawa, Bohari ya Dawa ndiyo inayosambaza, na daktari bingwa ndiye anayeamua mtoto gani aipate. Wazazi wa watoto hao wana haki ya kupaza sauti na kudai bei inayolipika. Sauti hiyo ikielekezwa kwenye ruhusa ya kupanda, miche itaota na mtoto atabaki bila dozi.

Jibu langu kwa bibi

Bibi, video uliyotumiwa inaweza kuwa ya kweli, lakini mjukuu wako hahitaji alichopewa mtoto yule. Umeniambia mwenyewe kwamba akimeza vidonge vyake kila siku hukaa muda mrefu bila kuanguka. Maana yake dawa yake inafanya kazi. Kinachomwangusha ni zile siku mbili tatu za kusi. Hizo ndizo za kupigania.

Mwombe mhudumu wako wa afya akuandikie dawa ya miezi miwili au mitatu kwa pamoja kabla kusi halijaanza, na umweleze sababu. Nenda kuchukua nyingine vikibaki vya wiki mbili, usisubiri kopo liwe tupu. Mwanao wa Dar es Salaam, badala ya kutuma video, anaweza kununua akiba kwa cheti cha daktari na kuituma kwa mtu anayekuja. Na uongozi wa kijiji uulizwe kwenye mkutano: wagonjwa wa dawa za kila siku, wa kifafa, kisukari, presha na wengine, wamewekewa akiba gani siku ambazo vyombo havivuki?

Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu. Mate yake hayaambukizi. Angalia saa: ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta chombo mara moja. Kwa sababu mnaishi kisiwani, kubalianeni tangu leo na nahodha mmoja au wawili watakaoamshwa usiku.

Usimwache peke yake majini, usimwache peke yake kwenye moto. Mpeleke shule. Ukiona anaanguka ingawa hajakosa dawa hata siku moja, hapo mwambie daktari: huenda uzito wake umeongezeka na dozi imekuwa ndogo, au anahitaji dawa nyingine. Ziko kabamazepini, valproeti na nyinginezo za kujaribu kabla ya kufikia huko kwenye CBD.

Kwa wazazi wengine wote: ukishuku mtoto amekula kitu chenye bangi, usimtapishe, mpeleke hospitali, na useme ukweli ulivyo. Daktari anatafuta namna ya kumwokoa mwanao, na hawezi kutibu asichoambiwa. Ukiona kijana amebadilika ghafla, halali, anajitenga, anazungumza na asiyeonekana, usingoje. Ukiwa na mtu nyumbani anayetumia mafuta ya bangi kwa ugonjwa wowote, mwambie daktari wake, hata kama humpendezi kusikia.

Ule uani penye mchaichai, bibi, uache kama ulivyo. Mjukuu atakunywa chai ya mchaichai, akimeza kidonge chake.